Chupa Mbili Ukingoni mwa Ndiva

Iko siku moja, mwanangu, ambayo miaka mingi imepita juu yake na bado haijaifunika. Ni siku niliyomwona mwanamke amesimama mbele ya kitongoji kizima, anashtakiwa kuharibu maji, naye hakulia wala hakumtukana mtu. Aliomba apewe mvua moja, basi.

Mimi nasema na mjukuu wangu anaandika, kwa kuwa sikuwahi kukaa darasani. Nimemwagiza aandike kama ninavyosema, asinipambie maneno, kisha awasomee wenzake wa kikundi cha tangawizi siku watakapokaa kumhukumu Eliya. Kwa asiyemjua, Eliya ni yule kijana wa bodaboda anayeoshea pikipiki yake mferejini. Mwaka huu ndiva yetu imetandwa na utando wa kijani, maji yana harufu, na watoto wanaumwa tumbo. Nimesikia mnataka kumnyang'anya Eliya zamu yake ya maji mpaka tangawizi zivunwe. Shamba lake lisipopata maji litakauka, na mnalijua hilo. Sisemi kwamba Eliya hana kosa. Nitakaa naye mimi mwenyewe, na atanisikia. Lakini kabla hamjainua mikono kukubaliana, tulieni kwanza mnisikilize.

Ndiva yetu mnaiona kila siku hata hamwioni tena. Ni bwawa la mawe na udongo ambalo babu zetu walilichimba kwa mikono, hapo mlima unapopumzika kidogo kabla ya kuendelea kuteremka. Mfereji hulijaza usiku kucha, asubuhi kizibo hutolewa, na maji huteremka kwa zamu, kaya hii kisha kaya ile; wenye mashamba juu yake huchepusha yao mferejini, nao kwa zamu. Wakati ninaousimulia nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Nilikuja hapa kijijini Mamba na kanga zangu chache na mdomo mwingi. Mama mkwe wangu aliitwa Nakijwa. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba watu waliacha kuongea ili wamsikie. Shamba lake lilikuwa juu tu ya ndiva, limegusana nayo kabisa.

Mwaka huo vuli ilinyesha kwa fujo, kisha ikakatika ghafla kama mtu aliyeitwa na mwenziwe. Mvua ilipoondoka iliacha ndiva imejaa tope jekundu. Bwawa lililozoea kumeza maji ya usiku mzima likawa linafurika kabla ya usiku wa manane, na maji mengine yanapotea bondeni. Waliokuwa chini kabisa walifunguliwa zamu yao asubuhi, na maji yakaisha kabla hayajafika kwenye migomba yao. Maji ya kunywa yalikuwa kama chai ya maziwa. Ndipo pembe ikapigwa kuita msaragambo, ile kazi ya watu wote ambayo kwetu hakuna anayeikwepa akabaki na uso wa kuwatazama majirani.

Tuliingia ndani ya tope mpaka magotini, wanaume kwa majembe na wanawake kwa vikapu. Mnajua jinsi kazi ya tope inavyochokoza ulimi. Alikuwapo mzee Sefania, ambaye shamba lake liko juu kabisa, karibu na chemchemi, hodari wa kazi na wa maneno vilevile. Aliinua jembe, akalitazama tope linavyodondoka, akasema, "Tope hili lina mwenyewe."

Watu wote wakageuza macho juu, kwenye shamba la Nakijwa. Alikuwa amelima maharage mapya mpaka ukingoni mwa ndiva, na udongo wake ulikuwa mwekundu kama ule uliokuwa miguuni mwetu.

"Mama Nakijwa," Sefania akasema, "shamba lako na ndiva vinatazamana uso kwa uso. Tukuulize wewe, au tumuulize nani?"

"Niulizeni mimi. Nipo."

"Basi tope ni lako."

"Langu limo," akasema. "Ila lote siwezi kulibeba. Mgongo wenyewe ndio huu."

Wachache walicheka, lakini cheko lile halikuwa na joto. Desturi ilikuwa wazi. Mtu aliyeonekana kuchafua maji alipoteza zamu yake kwa msimu mzima, na aliyesimamia desturi hiyo alikuwa mzee Kajiru, mgawa maji wetu, mtu wa haki na mwenye masikio yaliyoanza kuchoka. Maharage ya Nakijwa yalikuwa ndiyo yanaanza kutoa maua. Mvua imekatika. Bila zamu yangenyauka kabla ya kufunga maganda, na nyumba yetu haikuwa na kitu kingine cha kuivusha mpaka masika. Nilitazama vidole vya mama mkwe wangu kwenye ukingo wa kikapu chake. Vilikuwa vimetulia.

Mzee Kajiru alipofungua kinywa atamke hukumu, Nakijwa alimsogelea ili amsikie vizuri.

"Mzee, nipeni mvua moja," akasema. "Zamu yangu ishikilieni mkononi mwenu, msinipe wala msiinyang'anye. Mvua ikinyesha, kila mwenye shamba, kuanzia kwa mzee Sefania kule juu hadi kwangu, asimame pale maji yanapotokea shambani mwake, ajaze chupa nyeupe. Tuzipange hapa ukingoni, tuziache zitulie. Tope likikutwa kwenye chupa yangu peke yake, mimi nitaziba mlango wangu wa maji kwa mikono yangu mwenyewe."

"Na mvua isiponyesha?" Sefania akauliza.

"Basi maharage yatakuwa yamekufa hata hivyo, na wewe hutakuwa umegombana na mtu."

Mzee Kajiru alikubali. Alisema tu kwamba asiye na chupa aazime, na mwenye chupa ya pombe aioshe kwanza.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nachemka. Nilimwambia, "Mama, kwa nini hukusema habari za mbuzi wa mzee Sefania? Wanashuka kila siku mferejini, wamebomoa kingo zote. Ungesema hilo, mashtaka yangehamia kwake."

Alisimama, akanigeukia. "Kwa hiyo umenipokea mzigo," akasema, "ukamtwika mwingine, na ndiva imebaki na tope lake. Umenisaidia nini?" Kisha akaendelea kupanda. Mwanangu, nimekemewa na watu wengi katika maisha yangu, na wengine walipaza sauti. Hakuna aliyenifikia ndani kama yeye, ambaye hata hakusimama kusubiri jibu.

Mvua ikaja. Ilikuja mchana, jua likiwa bado linawaka upande wa pili wa mlima, na ikapiga kwa nguvu. Mama mkwe alinipa chupa, maana yeye alikuwa anazuia maji yasiingie jikoni. "Kachote kwenye kona ya chini," akaniagiza, "pale yanapotoka."

Nilikimbia. Kwenye kona ya chini maji yalikuwa yanatoka shambani mwetu mazito na mekundu, yanaingia moja kwa moja ndani ya ndiva. Niliyatazama, nikaona maharage yetu yote yamekwisha kufa ndani ya maji yale. Upande wa kushoto kulikuwa na kipande ambacho marehemu baba mkwe hakuwahi kukilima, kwa sababu ya mwamba. Majani marefu ya malisho yalikuwa yamejiotea hapo kwa wingi, yameshikana kama nywele zilizosukwa. Maji yalipita ndani ya majani yale yakatokea chini yake, na yalikuwa meupe zaidi, yanatembea polepole. Nikajaza chupa yangu hapo. Ndiyo, mjukuu wangu, andika. Usiniangalie hivyo.

Nilipomkabidhi, aliiinua mbele ya mlango akaitazama kwa mwanga.

"Umechota wapi?"

Nikaanza kukamua kanga yangu.

"Nimekuuliza wapi, sikukuuliza kwa nini. Kwa nini najua."

"Pale kwenye majani, mama. Chini ya mwamba."

Nilingoja aimwage. Hakuimwaga. Aliiweka rafuni taratibu, kama unavyoweka yai, akanipa chupa ya pili. "Nenda sasa kachote ile niliyokutuma," akasema. "Na kesho tutakwenda na zote mbili."

Asubuhi ukingo wa ndiva ulikuwa umejaa chupa. Zilikuwapo za soda, za mafuta ya taa, za dawa ya kikohozi, na moja ambayo mwenyewe aliapa kwamba ameiosha, lakini majirani wakawa wanainusa kwa zamu wakimwuliza kama shamba lake limelimwa au limechachushwa. Watu waliinama, wakatazama, na taratibu maneno yakaanza kupungua. Karibu kila chupa ilikuwa na tope. Katika nyingine lilifika upana wa kidole, katika nyingine pungufu ya hapo. Katika baadhi ulikuwapo mchanga wa njia, katika nyingine punje za samadi ya mbuzi zikielea, na moja ilikuwa na majivu. Hakuna chupa iliyotisha. Ukiitazama moja peke yake ungesema, tope hili ni kitu gani. Ila zilipopangwa zote pamoja, kutoka juu hadi chini, tuliiona ndiva yetu ikiwa imegawanywa vipande, kila mtu ameshika chake. Chupa ya mzee Kajiru mwenyewe ilikuwa miongoni mwao, na haikuwa safi.

Iliyokuwa nyeupe kabisa ilikuwa moja tu, ya mzee Sefania. Mzee Kajiru aliichukua, akaitikisa, akaionja.

"Sefania," akasema, "shamba lako umeliezeka bati?"

"Kwa nini, mzee?"

"Mvua inapita juu yake bila kugusa udongo. Maji haya ni ya chemchemi, ndugu yangu. Nimeyanywa tangu nilipozaliwa."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sefania naye, baada ya kujaribu kukasirika na kushindwa, akacheka. Nilijiona nimepona, kwa sababu macho yote yalikuwa kwake. Hapo ndipo Nakijwa alipotoa chupa zake mbili akaziweka mbele ya mzee Kajiru.

"Yangu ni hii," akasema, akionyesha ile nyekundu, na ilikuwa na tope zaidi ya nyingi zilizokuwapo pale. "Na hii nyingine ameichota mke wa mwanangu, akitaka kunificha. Mzee Sefania asicheke peke yake wala asichekwe peke yake. Lakini msimtazame huyu binti, tazameni chupa. Maji haya yote yametoka katika shamba moja na mvua moja. Haya yamepita kwenye udongo uliolimwa. Haya yamepita kwenye majani ambayo hakuna aliyeyapanda. Mimi nimelala juu ya dawa na nilikuwa siijui."

Nilitamani ndiva inimeze. Lakini hakuna aliyecheka. Chupa zile mbili zilipita mkono hadi mkono, na nilimwona mzee Sefania akizishika kwa muda mrefu kuliko wote, akizipandisha na kuzishusha kwenye mwanga.

Mzee Kajiru akasema kwamba alikuwa amekuja kumtafuta mkosaji mmoja, na amewapata wengi mno kuwaadhibu, akiwamo mgawa maji. Zamu ya Nakijwa ikarudishwa palepale. Kisha akaamua jambo ambalo halikuwahi kuamuliwa kwetu: msaragambo usiishie ndani ya ndiva. Tope tulilolitoa lipandishwe kwa vikapu kurudi mashambani, kwa kuwa ndiyo rutuba yetu yenyewe iliyotutoroka, na kazi ya pamoja ihamie kwenye miteremko, shamba baada ya shamba, kupanda mikanda ya majani kukata mteremko na kuacha kingo za mfereji bila kulimwa. Kazi ikaanza juu kabisa, maana maji huanza huko. Sefania ndiye aliyetoa pingili za kwanza za majani, na mbuzi wake akawafunga kamba.

Sasa nifike pale ambapo mimi humkumbuka Nakijwa kuliko popote. Jioni ileile tuliyorudishiwa zamu, alifungua maji, akayapitisha kwenye maharage yake, akasimama akiyatazama yanavyoinua shingo. Nilifikiri anafurahia ushindi. Asubuhi yake nilimkuta ukingoni mwa ndiva ameinama, anang'oa. Anang'oa maharage, mwanangu, yenye maua, yaliyokwisha kunywa maji, mstari baada ya mstari, ile sehemu yote iliyogusana na bwawa.

"Mama," nikamwambia, "hayo ndiyo uliyoyapigania."

"Nilipigania maji," akanijibu. "Maharage haya ndiyo yaliyokuwa yanayachafua. Lete jembe, na zile pingili."

Hakungoja avune kwanza. Kazi ya pamoja ilikuwa bado iko juu, na hakuna ambaye angemlaumu kama angesubiri. Tulikula kidogo msimu ule, sitawadanganya. Lakini masika yalipokuja tulikwenda kuitazama ndiva asubuhi baada ya mvua kubwa, na maji yake yaliruhusu uione mikono yako ndani yake. Mkanda ule wa majani mpaka leo upo. Ndio mnaokatia ng'ombe na kudhani umeota wenyewe.

Nimeishi na watu wenye elimu na wasio nayo, na mabwana shamba wamekuja hapa wakatufundisha kukinga udongo kwa matuta, nami nikawashukuru, maana matuta yao ni mazuri. Ila ninapotaka kumtaja mtu mkubwa, namtaja mwanamke aliyekuwa na haki ya kusema "si mimi peke yangu", akaithibitisha mbele ya watu, kisha akawa wa kwanza kuishi kama vile ni yeye peke yake.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Eliya anapoosha pikipiki mferejini anatia mafuta kwenye maji tunayokunywa, na ataacha. Lakini utando ule wa kijani hautokani na pikipiki. Ninyi mnatia mbolea ya chumvichumvi kwenye tangawizi mkiona mawingu, mkidhani mvua itaishusha kwenye mizizi, nayo inaishusha kwenye ndiva. Mnasuuzia mabomba ya kupulizia dawa mferejini kwa sababu ndiko maji yaliko. Mnaoshea tangawizi mtoni ili mnunuzi azione zinang'aa, na udongo wa mlima unakwenda na povu. Mabanda ya mbuzi yako mgongoni mwa mfereji. Hata mikanda ya Nakijwa wengine mmeilima ili mpate mstari mmoja zaidi. Mimi pia nina kipande cha tangawizi nyuma ya nyumba, na mjukuu wangu huyu amekitilia mbolea kabla ya mvua ya juzi kwa ruhusa yangu. Ya kwangu imo mle bwawani.

Jambo la leo ni gumu kuliko la enzi zetu, nakiri. Tope tuliliona kwenye chupa, na mbolea haionekani. Unaweza kuinua chupa kwenye jua ukaona maji meupe, na ndani yake mna ugonjwa wa ndiva nzima. Kwa hiyo itawapasa muwe waaminifu kuliko tulivyokuwa sisi, kwa kuwa sisi tulisutwa na chupa na ninyi mtalazimika kujisema wenyewe. Mbolea itieni kidogokidogo, muifukie, na mawingu yakiwa mazito muiache, gunia likiwa limefungwa. Bomba lisuuzwe shambani, maji yake yarudi kwenye mimea ileile iliyopuliziwa. Tangawizi zioshwe kwenye beseni mbali na mto, na maji ya beseni yamwagwe migombani. Rudisheni majani. Kumbukeni pia kwamba maji yakituacha hapa hayaishi. Yanateremka hadi tambarare, kuna wafugaji na mifugo yao, kuna akina mama wanaochota, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kupanda mlima huu kutuuliza jina la mwenye tope.

Siku mtakapokaa kumhukumu Eliya, mjukuu wangu asome haya yote, kisha aseme kwamba bibi yake ana ombi. Zamu ya kijana ishikilieni mkononi mwenu, msiinyang'anye. Nipeni mvua moja. Kila mwenye shamba aje na chupa yake, siku hizi za plastiki zimejaa kila kona, na aseme mbele ya wenzake alichotia shambani kabla ya mvua hiyo. Yangu itakuwa ya kwanza kwenye ukingo. Nitaileta mwenyewe, nikishikiliwa mkono ikibidi.

Mungu awape mvua zinazonyesha kwa upole na udongo usiowakimbia. Awape macho ya kuona kilicho chenu ndani ya kilicho cha wote, na mikono isiyosubiri jirani aanze. Siku moja, wajukuu wenu wakiinama kunywa kwenye ndiva ile, waone nyuso zao humo kabla hawajaona kitu kingine. Nendeni na amani yangu.